Muacheni buibui wa watu, aliyekuunguza shingo ni mwingine

Mvua zimeanza na kama kawaida grupu la mtaa limeshajaa picha za shingo zenye malengelenge, mtu anajipiga picha alfajiri anatuma eti jamani hii ni nini, na kabla hajamaliza kuandika majibu yameshamiminika, umekojolewa na buibui hiyo, paka mate ya asubuhi kabla hujapiga mswaki, paka dawa ya meno, na lazima atokee mmoja wa kusema huo ni mkanda wa jeshi nenda kapime. Jioni yake mwenye nyumba anakamata fagio anazunguka pembe zote za chumba anaua buibui mpaka wa chooni, analala na amani. Kesho kutwa mtoto naye anaamka na shavu limeungua.

Sa mi leo naomba nimtetee buibui. Kitu anachotoa buibui ni kile kijidoa cheupe kizito unachokionaga ukutani chini ya utando wake, ndo haja zake zote ziko pamoja humo, na hakiunguzi ngozi ya mtu. Anayewaunguza ni Nairobi flai, kale kadudu kembamba kama sentimita moja hivi au pungufu, kichwa cheusi, kifuani kekundu, katikati kana kijivazi kifupi cheusi cha kung'aa chenye rangi ya bluu kwa mbali, halafu tumbo rangi ya chungwa na ncha nyeusi. Mtu wa huku Mwanza ukimuonyesha picha anakwambia aah huyu si namjua, huyu si tunamkanyagaga kila siku. Haya, na huko kumkanyaga kwa kiatu hakuna shida, shida ni kumponda kwenye ngozi yako.

Maana hiki kidudu hakiumi wala hakichomi, hata mwiba hakina. Kinaweza kutembea kwenye mkono wako kuanzia kiganja mpaka begani kikashuka zake na usipate chochote. Sumu iko ndani ya mwili wake, inaitwa pederini, na cha ajabu zaidi sio yeye anayeitengeneza, inatengenezwa na bakteria wanaoishi ndani yake. Ukimpiga kofi pale alipo, yale majimaji yanamwagika kwenye ngozi na hapo ndo umejiunguza mwenyewe kwa mkono wako. Ndo maana yale malengelenge mara nyingi yanakuja kama mstari, ni ile njia ambayo kiganja kilipita wakati kinaburuza. Na akipondeka kwenye kunja ya kiwiko utaona madonda mawili yanayotazamana, moja huku na lingine kule, ukikunja mkono yanakutana. Mkanda wa jeshi haukai hivo, ule unafuata upande mmoja wa mwili na mara nyingi maumivu yanatangulia kabla hata ya vipele.

Kinachowachanganya watu ni muda. Ungeungua palepale ungejua nani kakufanyia, ila hii inachelewa, inaweza kuchukua nusu siku, siku nzima au hata zaidi, umempiga kofi saa tatu usiku ukiwa nusu usingizi, kesho yake jioni ndo unaanza kuhisi kuwaka, keshokutwa malengelenge, na hapo nani anakumbuka kofi la juzi. Unaangalia juu unamuona buibui amekaa zake kwenye kona, kesi imeisha.

Kwahiyo kitu cha kwanza kabisa ni mkono, fundisha mkono wako na mikono ya wanao. Ukihisi kitu kinatembea shingoni usipige. Puliza. Au weka kipande cha karatasi mbele yake apande mwenyewe, hawa wanapenda kukimbia kuliko kuruka ingawa mabawa wanayo, akishapanda peleka nje. Akiwa ukutani juu ya kitanda usimponde na ndala, atabaki pale ukutani na ile sumu na shuka lako liko chini, bora umchukue na karatasi ya chooni iliyokunjwa nene au umfagie kwenye kizoleo. Na kama umeshampiga, manake usiku ni usiku, amka. Najua baridi na maji yako nje kwenye ndoo, amka hivohivo uoshe na sabuni na maji mengi, uoshe na kile kiganja pia, na vidole, kabla havijaenda kwenye jicho. Watu wanaopata jicho kuvimba likafunga kabisa wengi wao kidudu hakikuingia jichoni, ni kidole tu ndo kiliipeleka sumu. Jirani zetu Kenya wanaliita kabisa jicho la Nairobi, na baada ya zile mvua kubwa za El Nino za 1997 na 1998 lilisumbua kweli kweli kule.

Ikishatoka haina haja ya maajabu. Osha, weka kitambaa cha maji baridi, usipasue malengelenge, usipake dawa ya meno wala majivu wala mate (mate ya asubuhi jamani, na bakteria wote wale wa usiku, kwenye kidonda kibichi). Dada wa duka la dawa anaweza kukupa krimu ya kutuliza muwasho na kuvimba ila ya usoni muulize kwanza daktari maana nyingine ni kali. Kwa kawaida inakauka yenyewe na kubanduka ndani ya wiki moja au mbili, alama nyeusi ndo inakaa kaa hata miezi. Likiwa jicho, hapo usicheze, ni hospitali na sio maziwa ya mama anayenyonyesha yadondoshewe, hiyo nayo nimeisikia kwa masikio yangu.

Na taa. Hawa wanakaa kwenye udongo wenye unyevu, mvua zikinyesha wanazaliana na usiku wanafuata mwanga, hasa mweupe ule mkali. Sisi sa tunafunga balbu nyeupe ya kumulika uwanja mzima juu ya mlango wa mbele, mlango uko wazi upepo uingie, pazia limefungwa fundo. Umewaalika. Weka ya nje iwe ya njano au hamishia kule getini mbali na mlango, ukiwasha ya ndani dirisha liwe na wavu, na kitanda kisikae moja kwa moja chini ya balbu maana wakishachoka kuzunguka wanadondokea hapohapo kwenye mto. Kung'uta mto na shuka kabla ya kulala, chomeka neti chini ya godoro. Neti ile ile ya malaria inafanya kazi zote hizo. Ila shambani msimchukie, kule anakula vidukari na wadudu wengine wanaoharibu mazao, mwenye mpunga anamhitaji.

Turudi kwa mteja wangu buibui. Huku kwetu kandokando ya Ziwa Victoria kuna buibui mdogo wa kuruka, wa milimita tano hivi, wataalamu wanamuita Evarcha culicivora, anakaa kwenye kuta za nyumba na mashina ya miti. Waliomchunguza walifanyia kazi Mbita Point upande wa Kenya, kwenye kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, na mwaka 2005 wakatoa matokeo kwamba huyu buibui anapenda damu ya mtu ila hana namna ya kukutoboa, kwahiyo anaipata kwa kumkamata mbu jike aliyekwisha kukunyonya. Yaani wale wadudu wa ziwani wanaojaa kwenye taa wako tele, anaweza kula wale tu akashiba, lakini akipewa nafasi ya kuchagua anachagua mbu mwenye damu, na zaidi wale Anofelesi wa malaria. Mwaka 2011 wakatoa nyingine tena, wakampa harufu ya soksi iliyovaliwa na soksi safi, akaifuata iliyovaliwa, manake anajua penye harufu ya mtu na mbu watakuwepo. Sa mtu kama huyo amekaa ukutani kwako anakulindia watoto bila mshahara na wewe unamtafuta na fagio, hapana bwana.

Wale wakubwa bapa wanaokimbia ukutani kwa mbio za ajabu mpaka mtu anaruka kitandani, hao nao hawana neno, wanakula mende. Utando wa vumbi kwenye dari toa, usafi ni usafi, sikatai. Wa kumuangalia zaidi ni yule buibui wa kahawia wa familia ya mjane mweusi, miguu yake ina milia milia, chini ya tumbo ana alama ya rangi ya chungwa, na mayai yake anayafunga kwenye kitu cha mviringo chenye vimiba miba kote. Huyo hakai ukutani mbele za watu, anakaa chini ya viti vya plastiki kwenye ule ukingo unapoweka vidole kunyanyua, chini ya masinki, nyuma ya masufuria yaliyokaa muda. Ni muoga, akiguswa anajifanya amekufa, anang'ata pale akibanwa, na hata akikung'ata kwa mtu mzima mara nyingi ni maumivu ya pale pale tu. Geuza kiti kabla ya kukibeba, basi. Ukijisikia misuli inakaza, jasho, tumbo linabana, nenda hospitali.

Nge sasa. Hapa ndo nabadilisha sauti, hasa kwa sisi wa milimani, Mabatini, Igogo, Isamilo huko, nyumba imejengwa juu ya mwamba na nyuma ya mwamba na mwamba mwingine umeingia jikoni, nge wametangulia kukaa hapo kabla yetu. Watu wanamuogopa yule mkubwa mweusi mwenye magando manene, kumbe kanuni ya kukumbuka ni kinyume, ukimuona nge magando yake ni mapana makubwa na mkia mwembamba huyo anategemea magando, sumu yake mara nyingi si kali sana. Magando yakiwa membamba kama kibano na mkia mnene, huyo ndo wa kumuogopa hata akiwa mdogo, manake silaha yake yote iko nyuma. Usiende kumpima kwa rula lakini, wote kaa nao mbali.

Nge anafuata pa kujificha penye giza na penye mende wa kula. Rundo la matofali lililobaki baada ya ujenzi na umeliegemeza ukutani, kuni, magunia, kandambili ya chooni, buti la shamba, nguo iliyodondoka chini ikalala hapo. Kung'uta kiatu ni tabia ya dakika sifuri, mfundishe mtoto kama unavyomfundisha kuosha mikono. Kitanda kisiguse ukuta, shuka lisiburuze chini. Ule uwazi chini ya mlango ziba na mpira au hata kanga iliyoviringishwa. Na nge hawezi kupanda kioo, kwahiyo ukimkuta sakafuni mfunike na glasi au chombo cha kioo, pitisha kadibodi ngumu chini yake, umebeba. Watu wanampiga na fimbo anakimbilia pembeni chini ya kabati halafu usiku mzima hakuna anayelala, mi naona glasi ni heshima zaidi kwa pande zote.

Halafu kuna hii kitu wengi hawaijui, nge akimulikwa na ile tochi ya mwanga wa zambarau ya kukagulia noti bandia, anayonayo kila wakala wa pesa, anawaka kijani kabisa gizani kama taa. Zinauzwa bei ndogo. Nunua, zima taa zote, zunguka nyuma ya nyumba na chooni kabla watoto hawajalala, vaa viatu vya kufunika. Aliyetoka kujivua gamba hawaki mpaka gamba jipya likakamae, kwahiyo usije ukavua viatu eti umemaliza msako.

Nge akimchoma mtu, ni maumivu, mtu mzima atalia. Muoshe, toa pete na bangili kabla hapajavimba, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, mpe panadol, mwambie akae atulie. Usichanje na wembe, usinyonye, usifunge kamba mpaka mkono uwe wa bluu, usimwage mafuta ya taa wala maji ya betri, hivyo vyote vinaongeza kidonda juu ya kidonda na sumu imeshaondoka hapo zamani. Lile jiwe jeusi la nyoka najua watakuja wenye nalo kunijibu. Ni mfupa wa ng'ombe uliochomwa, unagandia kwenye ngozi kwa sababu unafyonza umajimaji, na waliolipima hawakukuta linavuta sumu. Kama babu anataka kukuwekea kwa amani ya moyo basi akuwekee mkiwa kwenye bodaboda mnaelekea hospitali.

Na kwa mtoto hakuna kusubiri, ni kuondoka. Sumu ile ile aliyochomwa mtu mzima wa kilo sabini ndo kachomwa nayo mtoto wa kilo kumi. Ukiona mate yanamtoka, jasho, macho yanazunguka, anatetemeka au anahema kwa shida, hapo umeshachelewa kidogo, kimbia.

Nyuki. Kundi likija kutua kwenye mti wa uani usilitupie jiwe, mara nyingi ni wasafiri wamepumzika, wengi wanaondoka ndani ya siku chache na kwa vile hawana watoto wala asali ya kulinda hawana hasira sana. Wakishaingia kwenye dari na kuanza kujenga hiyo ni habari nyingine, hapo tafuta mtu wa nyuki mwenye nguo zake au piga 114 ya zimamoto. Usipande mwenyewe na tairi linalowaka, dari ni mbao hiyo, utatoa nyuki na paa. Wakikufuata, kimbia moja kwa moja bila kupunga mikono, funika uso na shati, ingia ndani au kwenye gari ufunge. Sisi wa ziwani tuna hii fikra ya kuruka majini, nyuki wanakusubiri pale juu, utatoka tu. Nyuki anapochoma anatoa harufu kama ya ndizi mbivu na hiyo ndo inawaita wenzake, mwiba unabaki kwenye ngozi na kile kifuko bado kinasukuma sumu, kwahiyo utoe haraka, kwa kucha, kwa kadi, kwa chochote, cha muhimu ni haraka. Fungulia mbuzi na mbwa kama unaweza kufika bila kuchomwa, mnyama aliyefungwa hana pa kwenda. Mtu akianza kuvimba midomo, koo linabana, anaona kizunguzungu, ni hospitali hata kama kachomwa na mmoja tu.

Nyigu wanaojenga vile vibomba vya udongo ukutani waache, hao hawalindi nyumba yao, wale wa viota vya kama karatasi kwenye kenchi ndo wakali na wanachoma mara nyingi nyingi. Siafu wakiingia toa mtoto, toa kuku, toka na wewe, baada ya saa kadhaa wameondoka na mende wako wote. Na nguo zilizoanikwa kivulini zikapoa na unyevu, piga pasi mpaka kwenye mishono, kuna nzi anataga mayai humo na funza wake anaingia kwenye ngozi ya mtoto, nepi hasa na mashuka.

La mwisho ni dawa, na hapa nina hasira kidogo. Mtu anaona kunguni, anaona nge mmoja, anaenda kwa muuza dawa za shamba anapimiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, haina lebo, haina chochote, anarudi anamwagia godoro na jioni watoto wanalala hapo. Kunguni anawasha na kukosesha usingizi, hajawahi kumuua mtu, ile dawa inaua. Godoro toa juani, chaga za kitanda mwagia maji yanayochemka kwenye kila kiungo, rudia kila baada ya siku kadhaa maana mayai yanabaki. Spre ya dukani ya wadudu wa ndani ukipiga, toka, funga, subiri muda ulioandikwa kwenye kopo, fungua madirisha ndo urudi, na sio kupiga huku sufuria la maharage liko wazi jikoni. Na usihifadhi dawa yoyote kwenye chupa ya soda, nakuomba. Mtoto akishainywa usimpe maziwa na usimtapishe, osha mdomo wake, mvue nguo kama imemmwagikia, mkimbize hospitali na ile chupa uibebe, na jina la duka ulikonunua ulikumbuke, ili wapate wa kumpigia simu wajue walikupimia nini.